Matanga Yakiisha: Majonzi, Mfiwa na Nafasi ya Unasihi

Kiswahili kina kitenzi kinachompa aliyebaki hai nafasi yake katika habari ya kifo. Marehemu amekufa, ndugu zake wamefiwa. Kwa mnyambuliko huo mmoja lugha inakiri jambo ambalo tiba ilichelewa kulikiri, kwamba kifo humpata pia yule asiyekufa. Katika mzizi mwingine lugha imehifadhi maneno mkiwa, ukiwa na makiwa: mtu aliyeachwa peke yake, hali ya kuachwa huko, na neno la pole linalotolewa msibani katika mwambao. Jamii zilizozaa maneno haya zilijua tangu zamani kwamba mfiwa ni mtu anayehitaji kutunzwa.

Swali linalozikabili familia nyingi leo ni utunzaji huo uendelee hadi lini, nao uwe mikononi mwa nani baada ya waombolezaji kurejea makwao. Makala haya yanaeleza majonzi ya kawaida yalivyo, dalili zinazoonyesha kwamba majonzi yamegeuka maradhi, kazi anayoifanya mnasihi, na njia ya kumfikia.

Majonzi si ugonjwa

Mtu aliyefiwa hulia, hukosa usingizi, hupoteza hamu ya chakula, husahau alichokuwa akikitafuta, na pengine husikia sauti ya marehemu ikimwita uani. Wengine hushikwa na hasira dhidi ya waganga, dhidi ya ndugu, hata dhidi ya marehemu mwenyewe kwa kuwaacha. Wengine hawahisi chochote kwa siku kadhaa, kisha machozi huwatoka ghafla wanapoona viatu vya marehemu mlangoni. Yote haya, yakitokea katika wiki na miezi ya mwanzo, ni mwenendo wa kawaida wa nafsi iliyopatwa na pigo. Hata kusikia sauti ya marehemu, au kuhisi kwamba yumo chumbani, peke yake si dalili ya wazimu. Ni jambo linalowatokea wafiwa wengi, hasa wajane na wagane.

Mwili nao hushiriki katika msiba. Homoni za msongo huongezeka, mapigo ya moyo huenda mbio na shinikizo la damu hupanda. Uwezekano wa kupata shambulio la moyo huwa mkubwa zaidi katika saa na siku za mwanzo baada ya kufiwa. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambayo chemba ya chini ya kushoto ya moyo hulegea na kututumka ghafla, mara nyingi baada ya mshtuko mkubwa. Waliiita takotsubo, jina la chungu cha kunasia pweza, kwa kuwa moyo huchukua umbo la chungu hicho. Wagonjwa wengi wa hali hii hupona ndani ya wiki chache wakitibiwa, lakini dalili zake hazitofautiani na za shambulio la moyo. Kwa hiyo mfiwa anayelalamika maumivu ya kifua au kukosa pumzi asiambiwe kwamba ni huzuni tu. Apelekwe hospitali mara moja. Aidha, mfiwa anayetumia dawa za shinikizo la damu, kisukari, kifafa au VVU akumbushwe kuzimeza, kwani katika vurugu za msiba dawa ni miongoni mwa vitu vinavyosahaulika mapema.

Wanasayansi wamejadili majonzi kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1917 Sigmund Freud aliandika kwamba majonzi, ingawa humwondoa mtu katika mwenendo wake wa kila siku, si ugonjwa, na kwamba kuyaingilia hakufai kitu na huenda kukadhuru. Mwaka 1944 daktari Erich Lindemann, aliyewahudumia manusura na wafiwa wa moto ulioteketeza ukumbi wa starehe wa Cocoanut Grove mjini Boston, Marekani, tarehe 28 Novemba 1942 na kuua watu 492, alieleza kwa utaratibu dalili za majonzi makali. Alionyesha pia kwamba wapo wafiwa wanaokwama na kuhitaji msaada wa kitaalamu. Kauli hizi mbili zinaonekana kupingana, lakini kila moja ina ukweli wake: walio wengi hupita katika majonzi kwa msaada wa jamaa na wakati, na wachache hawawezi kupita bila mkono wa mtaalamu.

Nadharia inayojulikana zaidi ni ile ya hatua tano, yaani kukana, hasira, kujadiliana, sonona na kukubali, iliyotolewa na Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969. Mara nyingi husahaulika kwamba msingi wake ulikuwa mazungumzo na wagonjwa waliokaribia kufa, wala si wafiwa. Mfiwa asiyepitia hatua hizo kwa mpangilio hana kasoro yoyote. Maelezo yanayolingana zaidi na hali halisi yalitolewa mwaka 1999 na watafiti wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut. Kwa mujibu wao, mfiwa huenda na kurudi baina ya mambo mawili: kuukabili uchungu wa kupoteza, na kushughulikia maisha yaliyobadilika. Asubuhi anaangua kilio. Mchana anafuatilia ada ya mtoto. Jioni anacheka na majirani, kisha anajilaumu kwa kucheka. Kwenda na kurudi huko, kama maji kujaa na kupwa, ndiko kupona kwenyewe. Hatari huanza pale mtu anapobaki upande mmoja, ama kwa kuzama katika uchungu bila kupumua, ama kwa kuukimbia moja kwa moja.

Kazi inayofanywa na matanga

Ukiitazama kwa jicho la tiba, desturi ya matanga ina hekima kubwa. Mfiwa haachwi peke yake hata usiku. Ndugu na majirani hulala naye mkekani. Chakula hupikwa na wengine. Gharama huchangwa. Jina la marehemu hutajwa, sifa zake husimuliwa, na mwenye kulia huachwa alie. Hitima na ibada humpa mfiwa maneno pale ambapo yeye mwenyewe hana neno. Mengi kati ya mambo ambayo tiba inayapendekeza kwa siku za mwanzo yamo tayari chini ya turubai.

Hata hivyo, matanga yana mwisho unaojulikana. Baada ya siku tatu au saba watu huanua matanga. Turubai hushushwa, viti hurejeshwa kwa mwenye kuvikodisha, sufuria kubwa hurudi kwa jirani. Siku ya arobaini watu hukusanyika tena, kisha kila mmoja hurudi katika shughuli zake. Mwajiri naye huwa ametoa ruhusa ya siku chache tu. Jamii huamini kuwa msiba umekwisha, ilhali kwa mfiwa ndipo unapoanza kuwa wake peke yake.

Kipindi hiki huambatana na hasara nyingine zinazozaliwa na ile ya kwanza. Mjane hugundua kwamba kodi ya nyumba ilikuwa ikilipwa na marehemu, au kwamba bima ya afya ya watoto ilitegemea ajira yake. Ndugu huanza kuulizia shamba na vyombo, na methali ya kufa kufaana hudhihirika kwa ubaya wake. Mgane ambaye hakuwahi kupika hujikuta na watoto watatu wenye njaa. Majonzi ya mtu anayegombania paa la nyumba yake hayawezi kutulia, na ndiyo maana msaada wa kisheria na wa ustawi wa jamii ni sehemu ya kumtunza mfiwa.

Misiba isiyo na matanga

Wapo wafiwa ambao hata zile siku chache za matanga hawazipati. Wa kwanza ni mama aliyejifungua mtoto mfu. Duniani kote karibu watoto milioni 2 huzaliwa wafu kila mwaka, baada ya ujauzito kufikisha wiki 28. Mara nyingi mtoto huzikwa upesi na wazee wachache wakati mama bado amelala wodini, bila jina, bila matanga, na pengine bila mama kumwona. Siku ya pili hadi ya nne maziwa huanza kujaa matitini, mwili ukiwa haujaarifiwa kwamba hakuna wa kunyonya. Anaporudi nyumbani huambiwa, "Utapata mwingine." Maneno hayo hutolewa kwa nia njema, lakini mama huyasikia kana kwamba yule aliyemzaa hakuwa mtu. Mama huyu anastahili kuulizwa iwapo angependa kumwona na kumshika mwanawe kabla ya maziko, kuelekezwa namna ya kutuliza maumivu ya matiti, na kupangiwa siku ya kurudi kwa ajili ya mazungumzo pamoja na baba wa mtoto, ambaye naye husahaulika.

Wa pili ni wale ambao hawakupata mwili wa kuzika. Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na MV Spice Islander I ilipozama baina ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, familia nyingi zilibaki bila kaburi la kulizuru. Mtu asiye na kaburi la kulizuru huendelea kusubiri. Mlango ukigongwa, moyo hushtuka. Majonzi ya namna hii hayafuati kalenda ya kawaida, wala si haki kumtaka mwenye nayo ayamalize haraka.

Wa tatu ni wale ambao kifo chenyewe kimefunikwa na aibu au ukimya: aliyefiwa na mtu aliyejiua, mpenzi asiyetambuliwa na ukoo, mhudumu wa afya aliyempoteza mgonjwa aliyemuuguza kwa miezi. Wa nne ni watoto, ambao mara nyingi huambiwa kwamba mama amesafiri.

Kwa makundi haya yote, unasihi huenda ukawa mahali pa kwanza ambapo msiba wao unaitwa msiba.

Majonzi yanapogeuka maradhi

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa lililoanza kutumika mwaka 2022, limetambua hali ya majonzi ya muda mrefu kuwa ni ugonjwa. Sifa zake kuu ni shauku kali ya kumtamani marehemu, au fikra zisizokoma juu yake, pamoja na maumivu makali ya moyo, kwa muda usiopungua miezi 6, kiasi cha kuvuruga kazi, familia na maisha ya kila siku. Chama cha madaktari wa afya ya akili cha Marekani nacho kiliutambua mwaka huohuo wa 2022, lakini kwa watu wazima kinataka ipite miezi 12, na kwa watoto na vijana miezi 6.

Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani una sharti muhimu: majonzi hayo yawe yamezidi kwa dhahiri kiwango kinachotarajiwa katika utamaduni na dini ya mfiwa. Mjane aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi, anayebaki nyumbani na kuacha mapambo, hana ugonjwa, anatimiza ibada. Mganga anayetaka kupima majonzi ya mtu hana budi kwanza kuijua desturi ya mtu huyo.

Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikadiria kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 10 waliofiwa kwa vifo visivyo vya ukatili hupata majonzi haya ya muda mrefu. Hatari huwa kubwa zaidi kwa waliofiwa na mtoto au mwenzi wa ndoa, waliofiwa ghafla au kwa ukatili, na wasio na watu wa karibu. Hii ina maana kwamba walio wengi hawatahitaji tiba. Tafiti zimeonyesha pia kwamba unasihi unaotolewa kwa kila mfiwa bila kuchagua hauleti tofauti kubwa, ilhali unaotolewa kwa wale waliokwama husaidia kwa hakika.

Dalili zinazostahili kumpeleka mfiwa kwa mnasihi, hasa miezi 6 ikishapita, ni hizi:

1. Shauku ya kumtamani marehemu haipungui hata kidogo, nayo hutawala sehemu kubwa ya siku.
2. Mfiwa hawezi kuamini kwamba marehemu amekufa, au huepuka kila mahali, kitu na mtu anayemkumbusha kifo hicho.
3. Hujilaumu bila kukoma kwa jambo alilolifanya au asilolifanya.
4. Huona kwamba sehemu yake mwenyewe imekufa na kwamba maisha hayana maana.
5. Hawezi kufanya kazi, kulea watoto au kukaa na watu kama awali.
6. Ameanza kutegemea pombe, dawa za usingizi au dawa za kulevya ili apitishe siku.

Zipo dalili zisizongoja miezi 6 wala hata siku 6. Mfiwa anayesema kwamba anataka kumfuata marehemu kwa kujitoa uhai, anayetafuta njia ya kufanya hivyo, anayekataa kabisa kula na kunywa, au anayesikia sauti zinazomwamuru ajidhuru, asiachwe peke yake. Aondolewe karibu sumu za kuulia wadudu, dawa nyingi na silaha, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kumuuliza mtu waziwazi iwapo anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kulitamka.

Kinachotendeka katika unasihi

Kwa Watanzania wengi maneno ushauri nasaha yaliingia masikioni pamoja na upimaji wa VVU, na hadi leo wapo wanaodhani kwamba anayeonekana kwenye mlango wa mshauri amekwenda kupokea majibu. Wengine hudhani kwamba ni mahali pa kupewa mawaidha. Dhana hizi mbili huwazuia wafiwa wengi.

Mnasihi wa majonzi hasemi sana. Katika kikao cha kwanza humwomba mfiwa aeleze aliyefariki alikuwa nani, kifo kilitokeaje, na siku zake zinapitaje sasa. Huuliza juu ya usingizi, chakula, pombe, fedha na mawazo ya kujidhuru. Humweleza mfiwa kwamba yanayozungumzwa ni siri, na kwamba siri hiyo hufunguliwa tu iwapo maisha ya mtu yamo hatarini. Kisha hukubaliana naye juu ya idadi ya vikao na lengo lake. Lengo hilo haliwi kumsahau marehemu. Lengo ni kumkumbuka bila kuumia kiasi cha kushindwa kuishi.

Vikao vinavyofuata hugusa mambo ambayo mfiwa amekuwa akiyakwepa. Hebu ichukuliwe mfano wa baba aliyefiwa na binti yake kwa homa iliyodhaniwa kuwa mafua. Mwaka mzima umepita, naye hapiti barabara ya shule ya binti huyo, sare zake zingali zimekunjwa kabatini, na kila usiku hujiambia, "Ningemwahisha hospitali jioni ile." Mnasihi hamwambii kwamba kazi ya Mungu haina makosa, ingawa baba mwenyewe huenda akayaamini maneno hayo kwa dhati. Humsaidia kuisimulia jioni ile hatua kwa hatua, alichokijua wakati huo na alichokuja kukijua baadaye, mpaka aone mwenyewe kwamba anajihukumu kwa elimu ambayo jioni ile hakuwa nayo. Baadaye hupanga naye kuipita ile barabara, kwanza akisindikizwa, kisha peke yake. Siku moja hukaa na mkewe, wakaamua pamoja sare ipi itunzwe na ipi apewe mtoto mwingine.

Tiba ya aina hii imepimwa. Mwaka 2005 daktari Katherine Shear na wenzake nchini Marekani walilinganisha tiba iliyoundwa mahususi kwa majonzi yaliyokwama, yenye vikao 16, na tiba nyingine ya mazungumzo inayotumika kwa sonona. Kati ya waliopata tiba mahususi, asilimia 51 walipata nafuu, ikilinganishwa na asilimia 28 ya wale wengine. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2016, ulionyesha kwamba kuongeza dawa ya sonona juu ya tiba hiyo hakukuongeza nafuu ya majonzi yenyewe, bali kulipunguza dalili za sonona kwa wale waliokuwa nayo. Kwa maneno mengine, hakuna kidonge cha majonzi. Dawa zina nafasi yake pale penye sonona au maradhi mengine ya akili, nazo hutolewa na daktari. Dawa za usingizi za kujinunulia dukani huahirisha uchungu na huweza kuleta utegemezi.

Watoto wa Moshi na Bungoma

Wasiwasi unaosikika mara kwa mara ni kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Jibu moja limetoka Afrika Mashariki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulifanyika Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya, ukawahusisha watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na waliokuwa wakisumbuliwa na majonzi au dalili za kiwewe. Walioendesha vikao hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida wa maeneo hayo, waliofundishwa na kusimamiwa, wakakutana na watoto kwa makundi mara moja kwa wiki kwa wiki 12, huku walezi nao wakiwa na vikao vyao.

Katika maeneo matatu kati ya manne, yaani mjini na vijijini Bungoma na vijijini Moshi, watoto waliopata huduma hiyo walipungukiwa na dalili za kiwewe kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Mjini Moshi tofauti hiyo haikuonekana. Mwaka mmoja baadaye faida ilikuwa imedumu Kenya, lakini huko Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamelingana katika nafuu. Matokeo haya hayatoi muujiza. Yanathibitisha kwamba unasihi unaweza kutolewa kwa Kiswahili, katika vijiji, na watu waliofundishwa vizuri, nao ukawasaidia watoto wengi kupata nafuu mapema zaidi.

Kwa mlezi wa nyumbani, funzo la kwanza ni ukweli. Mtoto aambiwe kwa maneno mepesi kwamba mzazi wake amekufa, kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi na hatarudi, na kwamba si kosa la mtoto. Kumwambia kwamba baba amelala humfanya aogope kulala. Kumwambia kwamba mama amesafiri humfanya asubiri, na siku atakapougundua ukweli, atakuwa amepoteza mzazi na imani kwa walezi wake. Aulizwe kama angependa kuhudhuria maziko, asilazimishwe wala asifukuzwe. Mtoto huomboleza kwa vipande: hulia, kisha hucheza, kisha huuliza tena swali lilelile. Akiendelea kukojoa kitandani, kushuka sana shuleni, kujitenga au kupigana kwa miezi, apelekwe kwa mtaalamu. Simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, inapatikana bila malipo nchini Tanzania na Kenya.

Mahali pa kuanzia

Mfiwa hahitaji kuanzia katika hospitali kubwa. Anaweza kwenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na kusema wazi: "Nimefiwa, na tangu hapo siwezi kuishi kama zamani." Wengi huenda na malalamiko ya kichwa, tumbo au mgongo, wakapewa dawa za maumivu na kurudi nyumbani na msiba wao. Msiba ukitajwa, mhudumu hupata pa kuanzia. Kutoka hapo mfiwa anaweza kupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, ambako huwezekana kupata wahudumu wa afya ya akili na maafisa ustawi wa jamii. Hospitali za rufaa za kanda na za kitaifa zina idara za afya ya akili zenye madaktari bingwa.

Viongozi wa dini pia ni mlango muhimu. Sheikh, padri au mchungaji aliye makini hutambua mzigo unapozidi uwezo wa maombi na mawaidha pekee, naye humwelekeza muumini hospitali bila kumwona kuwa na imani haba. Unasihi haushindani na dini. Mfiwa ana haki ya kuileta imani yake ndani ya chumba cha mnasihi. Mjane aliye katika eda naye asikose huduma, kwani matibabu huhesabiwa miongoni mwa haja zinazomruhusu kutoka, na anaweza kuomba mnasihi wa kike.

Kabla ya kuanza, mfiwa aulize mambo matatu: mnasihi amepata mafunzo gani, siri italindwaje, na gharama ni kiasi gani. Akiona baada ya vikao viwili au vitatu kwamba hasikilizwi, au kwamba anahukumiwa, ana haki ya kuomba mwingine.

Wajibu wa jamaa

Mara nyingi mfiwa aliyekwama hana nguvu ya kutafuta msaada, na wanaume hulemewa zaidi na neno "jikaze". Hivyo hatua ya kwanza huwa mikononi mwa mtu wa karibu. Si lazima awe na maneno mengi. Wifi anaweza kusema, "Wifi, tangu kaka aondoke naona hulali, na watoto wanasema huli. Alhamisi nitakuja twende wote hospitali. Nitakusubiri nje mpaka umalize." Maneno hayo yana mambo manne yanayofaa: yametaja yaliyoonekana bila kulaumu, yamemtaja marehemu, yametoa siku mahususi, na yameahidi kusindikiza. Ni bora kuliko "ukihitaji chochote niambie", kwa kuwa mfiwa hajui hata anachokihitaji.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Majonzi yaliyokwama ni maradhi ambayo mara nyingi hayafichwi na mgonjwa peke yake. Yanafichwa pia na jamii iliyoamua kwamba muda wa kulia umekwisha. Kamati za mazishi za mitaa na vijiji, jumuiya za misikiti na makanisa, na vikundi vya kusaidiana zina daftari za michango na majina ya wafiwa wote. Daftari hizo zingeweza kuongezewa safu moja: tarehe ya kumtembelea mfiwa mwezi wa tatu, na nyingine mwezi wa sita. Katika ziara hizo hakuhitajiki turubai wala pilau. Huhitajika watu wawili wanaojua dalili za kutazama, wenye subira ya kusikiliza, na wanaofahamu mlango wa hospitali uliko.